Lualaba: Programu za zamani za migodi zihamishwe au ziachwe? Swali la kwanza ni nani atazisoma

Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, kila tani ya kobalti inayotoka Kongo inahesabiwa dhidi ya kiwango. Mamlaka ya ARECOMS iliruhusu tani 18,125 kwa miezi iliyokuwa imebaki ya mwaka 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hicho hicho kwa 2027. Kabla ya hapo, mauzo ya nje yalikuwa yamesimamishwa tangu Februari 2025.

Huku Kolwezi, mazungumzo ni kuhusu bei, malori na nani amepewa kiwango kikubwa kuliko mwenzake. Lakini hesabu hiyo ya tani haifanywi tena kwa kalamu. Inaanzia kwenye mizani ya malori, inapita maabara, inaingia ofisi ya kampuni, inapelekwa kwa wakaguzi wa CEEC, na mwisho inafika kwenye mfumo wa forodha wa DGDA kabla lori halijavuka Kasumbalesa. Katika kila hatua kuna kompyuta, na ndani ya kompyuta kuna programu ambayo mtu fulani aliiandika. Mara nyingi mtu huyo ameshaondoka, na lugha aliyoitumia imeshapata toleo jipya.

Ndipo linapozuka swali ambalo wakuu wa idara za informatiki na mafundi wa viwandani wanalikuta mezani, hapa kama kwingineko duniani: programu hizo za zamani zihamishiwe lugha mpya, au ziachwe ziendelee kufanya kazi? Linaonekana kama swali la mafundi peke yao. Lakini jibu lake linagusa usalama wa viwanda, mapato ya serikali na nafasi ya vijana wa Kongo katika migodi yao wenyewe.

Lahaja mbili za lugha moja

Lugha za kompyuta hukua kama lugha za watu. Mtu wa Kolwezi husema "eko na makuta", na wa Dar es Salaam husema "ana pesa". Wakikutana wataelewana, kwa sababu kila mmoja anakisia kidogo maana ya mwenzake. Mashine haikisii. Ukiipa neno la lahaja ya zamani, ama inakataa kufanya kazi, ama inafanya jambo lingine bila kukuambia. Hilo la pili ndilo baya zaidi.

Mfano unaojulikana sana ni lugha ya Python, ambayo wanajiolojia na wahandisi wengi huitumia kufanyia hesabu. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, na liliandikwa kwa makusudi lisikubaliane kikamilifu na toleo la 2. Watumiaji walipewa muda wa kuhama hadi mwaka 2015. Muda huo haukutosha, ukasogezwa mbele. Toleo la 2 liliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, zaidi ya miaka 11 baada ya mrithi wake kuzaliwa.

Tofauti moja kati ya lahaja hizo mbili inatosha kuonyesha hatari yake kwa mgodi. Katika toleo la 2, ukigawanya namba kamili kwa namba kamili, jibu hukatwa na kubaki namba kamili. Tani 3 za shaba ndani ya tani 100 za mawe ni asilimia 3. Lakini 3 gawanya kwa 100 katika lahaja ya zamani hutoa 0. Katika lahaja mpya jibu ni 0.03.

Mtu atasema basi lahaja mpya ni bora, tuhame leo. Lakini geuza mfano. Programu ya ghala inahesabu mifuko mikubwa ya kilo 1,000 iliyojaa. Kuna kilo 25,500. Lahaja ya zamani inajibu mifuko 25, na ndivyo ilivyo ghalani. Lahaja mpya inajibu mifuko 25.5. Hakuna nusu mfuko unaopakiwa kwenye lori, na karatasi yenye mifuko 25.5 haitalingana na ile ya mizani. Aliyeandika programu ya kwanza alitegemea tabia ile ya kukata namba, pengine bila hata kuiandika mahali popote. Lahaja ikibadilika, hesabu inabadilika, na hakuna king'ora kinacholia.

Sasa peleka kosa la namna hiyo kwenye ripoti ya kiwango cha kobalti, au kwenye hesabu ya mrahaba. Kwa sheria ya madini ya mwaka 2018, mrahaba unagawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka ya mtaa na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kosa dogo katika asilimia ya madini linashuka moja kwa moja hadi kwenye barabara na shule za Lualaba.

Ndani ya kiwanda

Ofisini, kosa linaharibu karatasi. Kiwandani linaweza kuharibu mashine au kumuumiza mtu. Pampu, vinu vya kusagia mawe, mikanda na matangi ya asidi huongozwa na vikompyuta vidogo vya viwandani, vinavyofungwa ndani ya makabati ya umeme. Navyo vina lugha zao.

Mwaka 1993 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilitoa kanuni nambari 61131-3 ili kuleta utaratibu katika lugha hizo. Lugha mojawapo ilikuwa orodha ya maagizo, ambamo kila mstari ni amri moja fupi. Mafundi wa zamani waliipenda kwa sababu haikuhitaji nafasi kubwa ya kumbukumbu. Toleo la tatu la kanuni hiyo, mwaka 2013, lilionya kwamba lugha hiyo itaondolewa. Toleo la nne, mwaka 2025, likaiondoa.

Vifaa navyo vinazeeka. Siemens ya Ujerumani ilianza kuuza familia ya Simatic S5 mwaka 1979, kisha ikaleta S7 katikati ya miaka ya 1990. Programu ya S5 haikuingia moja kwa moja ndani ya S7. Ilibidi itafsiriwe na kukaguliwa. Kisha Oktoba 2023 kampuni hiyo ikaanza kuiondoa sokoni S7-300, ambayo imetumika katika viwanda vingi sana duniani, huku ikiahidi vipuri kwa takriban miaka 10 zaidi. Kiwanda chenye kifaa hicho hakitasimama kesho, ila muda wake umeanza kuhesabika.

Lakini ndani ya programu ya zamani kuna ujuzi ambao haupo kwenye kitabu chochote. Tuchukue mfano wa kiwanda chenye pampu sita. Katika programu yake kuna mstari unaochelewesha kila pampu sekunde kadhaa baada ya ile iliyotangulia. Kijana mpya anausoma na kuuona hauna maana: kwa nini kupoteza muda? Anaufuta anapoandika upya katika lugha mpya. Wiki mbili baadaye kunatokea delestaji, umeme unakatika. Unaporudi, pampu zote sita zinawaka kwa mpigo mmoja, zinavuta umeme mwingi kupita kiasi, na kiwanda kinazimika tena. Ule mstari uliwekwa na fundi aliyekwisha kuteseka na tatizo hilo hilo. Hakuandika sababu yake.

Lualaba ina historia ndefu ya viwanda vinavyopita mikono mingi. Kiwanda cha Luilu kilijengwa mwaka 1960, wakati wa Union Minière. Kikawa cha Gécamines baada ya serikali kutaifisha migodi mwanzoni mwa 1967, na leo kiko chini ya KCC, ubia wa Gécamines na Glencore. Mahali pa namna hiyo, kila kizazi huacha mabomba, nyaya na mazoea yake. Anayeingia baadaye hurithi vyote, hata vile asivyovielewa.

Mifano miwili ya hapa nyumbani

Kongo imekwisha kupitia uhamisho mkubwa wa aina hii. Mfumo wa forodha wa Sydonia ni kazi ya shirika la Umoja wa Mataifa la CNUCED, na ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ombi la nchi za Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1990 likaja toleo la Sydonia++. Katika miaka ya 2000 likaja Sydonia World, lililoandikwa kwa lugha ya Java na kutengenezwa ili litumike kupitia intaneti. DGDA, iliyochukua nafasi ya OFIDA mwishoni mwa mwaka 2009, ilihama kutoka toleo la ++ kwenda World.

Sababu ya kuhama ilikuwa na uzito. Kwa mfumo wa zamani, ofisi ya mpakani ingeweza kubaki na takwimu zake peke yake, zikafika Kinshasa kwa kuchelewa. Kwa mfumo mpya, kinachoandikwa Kasumbalesa kinaweza kuonekana makao makuu siku hiyo hiyo, ilimradi mtandao upo. Hapo ndipo bei ilipolipwa: kazi ambayo zamani ilitegemea kompyuta ya ofisini sasa inategemea pia umeme na mtandao. Kuhama hakukuondoa udhaifu wote. Kulihamisha baadhi yake kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Mfano wa pili uko Kolwezi penyewe, katika stesheni inayopokea umeme wa Inga. Laini hiyo ya takriban kilomita 1,700 ilianza kazi mwaka 1982, ikiwa miongoni mwa ndefu kuliko zote duniani kwa wakati huo. Vifaa vya kugeuza umeme vilitoka kampuni ya ASEA ya Sweden. Mwaka 1988 ASEA iliungana na Brown Boveri ya Uswisi ikawa ABB, ambayo baadaye ilipewa kazi ya kukarabati stesheni pamoja na mfumo wake wa udhibiti. Leo kitengo hicho cha ABB kinaitwa Hitachi Energy. Nguzo ni zile zile, mji ni ule ule, lakini jina la wa kumpigia simu limebadilika zaidi ya mara moja. Anayenunua mfumo wa miaka 40 anapaswa kujua kwamba huenda mtengenezaji asidumu na jina lake kwa miaka hiyo 40.

Hatari ya kubaki, hatari ya kuhama

Wanaotaka kuhama wana hoja nzito. Programu isiyopata marekebisho ni mlango usiofungwa. Mei 2017, virusi vya WannaCry viliingia katika kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa na kufunga mafaili yao. Hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Halafu kuna suala la watu. Chuo hufundisha lugha ya leo. Kila mwaka unaopita, wanaojua lahaja ya zamani wanapungua na bei ya kuwaita inapanda.

Wanaotaka kubaki nao wana ushahidi wao. Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wote kwenda mfumo mpya kwa wikendi moja. Wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia katika akaunti zao, na matatizo yaliendelea kwa miezi kadhaa. Desemba 2022, wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Lugha mpya haikuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa kuvuka mto wote kwa mruko mmoja, bila kupima vya kutosha.

Lakini kubeba programu ya zamani kama ilivyo na kuipeleka mahali papya nako si salama. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkali zaidi, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyowekewa, na kompyuta ikashindwa. Programu iliyothibitika mahali pamoja haijathibitika kila mahali.

Namna ya kuamua

Kutokana na yote hayo, si busara kuamua kwa umri wa programu peke yake. Programu ya miaka 25 inayoendesha mashine moja, haijaunganishwa na intaneti, ina vipuri ghalani na ina mafundi wawili au watatu wanaoielewa, inaweza kuachwa. Kuigusa kwa ajili ya fasheni ni kutafuta taabu.

Kwa upande mwingine, programu ya miaka 8 ambayo inabeba takwimu za mauzo ya nje, imeunganishwa na mtandao, na inaeleweka na mtu mmoja tu, inapaswa kuanza safari sasa. Siku mtu huyo akiugua au akipata kazi Zambia, kampuni itakuwa inafanya kazi kwa kubahatisha.

Kuhama kwenyewe kunafuata taratibu zinazojulikana. Kwanza, kabla ya kugusa mstari wowote, watu huandika kile ambacho programu ya zamani inafanya kweli: ukiipa namba hizi, inajibu nini. Orodha hiyo ndiyo kipimo cha programu mpya. Pili, sehemu ndogo huhamishwa kwanza, ile ambayo ikikosea haitasimamisha kiwanda. Tatu, programu mbili huendeshwa pamoja kwa muda, ya zamani ikitawala na mpya ikihesabu pembeni. Zikitofautiana, iwe mifuko 25 na 25.5 au asilimia 0 na 3, mtu anasimama na kuuliza kwa nini. Nne, njia ya kurudi nyuma huachwa wazi hadi mfumo mpya upite mwezi mgumu: mwezi wa kufunga hesabu, au msimu wa mvua na umeme unaokatika.

Hilo la kuandika kile ambacho programu inafanya ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa sababu halionekani kama kazi. Nalo linahitaji wazee wa kiwanda. Fundi aliyestaafu Gécamines, anayekaa nyumbani akisubiri malipo yake, anaweza kuwa ndiye peke yake anayejua kwa nini pampu ya tatu huchelewa. Kumlipa wiki mbili za kukaa na vijana ni rahisi kuliko kuligundua hilo baada ya ajali.

Nani atabaki na funguo

Yapo mambo ambayo orodha za kiufundi hazigusi sana, lakini kwa Lualaba ndiyo mazito kuliko yote. Uhamisho wa programu kwa kawaida hutolewa kwa kandarasi. Timu inakuja, inafanya kazi miezi kadhaa, inaondoka. Inaweza kuacha mfumo unaofanya kazi vizuri kabisa, lakini msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, umefungwa kwa neno la siri lililobaki ng'ambo. Hapo kampuni imebadilisha lugha lakini imebaki katika utegemezi ule ule, na pengine mkubwa zaidi, maana ile ya zamani angalau mafundi wa hapa walikuwa wamejifunza kuisoma.

Kongo ina sheria ya sous-traitance, nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, inayotenga kazi za namna hiyo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na mamlaka ya ARSP imewekwa kuisimamia. Mjadala kuhusu sheria hiyo umejaa usafirishaji, chakula na ulinzi. Programu za viwandani hazitajwi sana, ingawa kandarasi moja ya kuzihamisha inaweza kuamua nani atashika usukani wa kiwanda kwa miaka 20.

Watu wa kufundisha wapo. Lubumbashi ina UNILU na shule ya informatiki ya Salama, Kolwezi ina chuo kikuu chake. Kijana anayetoka huko anaijua lahaja mpya. Anachokosa ni kufunguliwa kabati la umeme na kuonyeshwa ya zamani. Uhamisho ukifanywa mbele yake, kwa lugha anayoisoma, unakuwa shule. Ukifanywa akiwa nje ya mlango, atabaki kuwa mtu wa kuitwa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo mkurugenzi anayewekewa mezani pendekezo la kuhama asianze na bei wala jina la lugha. Aombe majina ya watu watatu walioko Lualaba, waajiriwa wa kudumu, watakaoweza kuusoma msimbo mpya na kuurekebisha saa nane za usiku, mvua ikinyesha na mtandao haupo. Aombe pia msimbo wote ukabidhiwe, pamoja na maneno ya siri, kabla ya malipo ya mwisho. Pendekezo likiwa na majibu hayo, kuhama kuna faida hata kama ni ghali. Lisipokuwa nayo, ni afadhali programu ya zamani iendelee kunguruma huku watu wakiandaliwa, maana hiyo angalau tunajua inapokosea.